Homa Imeisha, Fangasi Imepitia Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinazunguka jambo moja. Mtu anaugua mafua makali, Uviko au surua, anapata nafuu, kisha wiki chache baadaye mdomo unaota utando mweupe, pua inaziba upande mmoja au kichwa kinauma bila kuachia. Tumechagua barua tano na kuzifupisha. Palipoandikwa "leo hii", tafadhali usisubiri toleo lijalo.

Hamjambo wataalamu. Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari. Alishikwa na homa na kifua, na kwenye kemisti ya karibu akapewa dawa aina tatu za siku 5. Alipata nafuu haraka ajabu, hata hamu ya kula ikarudi, kwa hivyo dada yangu akamnunulia zile zile mara mbili zaidi. Sasa sukari imefika 19, na jirani anatutisha na habari za kuvu nyeusi ya India. Kuna uhusiano wowote? — Kijana wa Kayole

Kaka, tuanze na mama kabla ya India. Kama anatapika, anaumwa tumbo, anapumua kwa nguvu na haraka, au anasinzia ovyo, mpelekeni hospitali leo hii akapimwe ketoni, yaani asidi zinazojaa damuni mwili ukikosa insulini. Kama hana dalili hizo, sukari ya 19 bado inahitaji daktari leo au kesho asubuhi. Kama anatumia insulini, asiiache hata kama hawezi kula vizuri. Mwili unaopigana na ugonjwa huhitaji insulini zaidi. Na vile vidonge vya kemisti asiviache kwa ghafla kabla daktari hajajua ni dawa gani na amevimeza siku ngapi. Bebeni bahasha yenyewe.

Bahasha hiyo ndiyo kiini cha swali lako. Wengi wetu Nairobi tunaijua: ya kaki au ya plastiki, imeandikwa kwa kalamu "1x3" au "2x2" na basi. Hapo umeambiwa vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku, lakini hujaambiwa jina la dawa wala nguvu yake. Katika mchanganyiko wa "homa na kifua" mara nyingi mna kidonge kidogo cha deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi. Nafuu ya haraka pamoja na njaa iliyorudi kwa kishindo ni alama yake. Steroidi hushusha homa, hutuliza maumivu na kuchangamsha mtu, huku virusi vyenyewe haviguswi.

Mwilini, steroidi hufanya mambo mawili kwa mpigo. Hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kujua kwamba ana kisukari, na hulegeza chembe nyeupe za damu zinazomeza mbegu za fangasi. Mbegu hizo tunazivuta puani kila siku kutoka kwenye udongo, vumbi na matunda yaliyooza. Kwa kawaida hazifiki mbali. Sukari ikipanda mno na damu ikageuka kuwa na asidi, madini ya chuma yaliyokuwa yamefungwa kwenye protini za damu huachiliwa, na fangasi za jamii ya kuvu nyeusi, yaani mukomaikosisi, hupenda chuma kuliko kitu kingine. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliyemeza steroidi amepoteza walinzi na papo hapo amemwandalia mgeni chakula.

Hilo ndilo lililoonekana India mwaka 2021. Wimbi la Uviko lilifuatwa na wagonjwa wengi wa kuvu nyeusi kiasi kwamba mwezi Mei serikali ilizitaka serikali za majimbo ziufanye ugonjwa wa lazima kuripotiwa. Wengi wa wagonjwa walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa, walikuwa wamepewa steroidi, au vyote viwili. Jirani yako basi hakukosea kabisa, ila ugonjwa huu si wa kuambukizana, na mama hajaupata kwa sababu tu sukari imepanda.

Je, steroidi ni mbaya? Hapana, zinaokoa maisha zikitumika mahali pake. Jaribio kubwa la Uingereza lililotangazwa Juni 2020 lilionyesha kwamba deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, hupunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida. Dozi hiyo ni sawa na vidonge 12 vya miligramu 0.5, au takriban miligramu 40 za prednisoloni, ambazo ni vidonge 8 vya miligramu 5. Mgonjwa anayetembea kwenda dukani mwenyewe na kupumua vizuri hana sababu ya kumeza steroidi kwa ajili ya mafua au Uviko. Mwenye pumu iliyoamka ni habari nyingine. Huyo hupewa kwa siku chache na daktari anayejua anachofanya.

Kuanzia sasa, ukienda kemisti uliza mambo matatu na uyaandikishe kwenye bahasha: jina la dawa, miligramu ngapi, siku ngapi. Kisha sema wazi, "Mgonjwa ana kisukari, humu mna steroidi?" Ukijibiwa "hii ni ya kifua tu", usinunue.

Mama akiwa bado kwenye steroidi kwa maagizo ya daktari, mpimeni kwa saa zinazofaa. Wengi hupima alfajiri kabla ya chai, wanakuta 7 na kuridhika. Prednisoloni ikimezwa asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni, na asubuhi inayofuata inaweza kuwa imeshuka. Pimeni saa 2 baada ya chakula cha mchana na tena kabla ya chakula cha jioni. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa 2 baada ya kula. Daktari wake anaweza kulirekebisha kwa umri wake. Anawe mikono kabla ya kutobolewa kidole, maana ute wa embe kwenye ngozi unaweza kukupa namba ya kukutoa mbio bure.

Kwa wiki kadhaa zijazo angalieni uso wake. Maumivu au uvimbe wa upande mmoja wa uso, ganzi shavuni, pua inayotoa uchafu wenye damu au mweusi, doa jeusi kwenye kaakaa, meno ya juu yanayolegea ghafla, ukope unaoshuka, kuona vitu viwili viwili: hata moja tu kati ya hizo ni hospitali leo hii, yenye daktari wa masikio, pua na koo. Matibabu ni amfoterisini B kwa mshipa pamoja na upasuaji wa kuondoa sehemu iliyokufa, na kuchelewa kwa siku mbili tatu kunaweza kugharimu jicho au maisha.

Habari zenu. Nilipata mafua makali. Nikanunua antibiotiki ya siku 7, haikusaidia, nikabadilishiwa nyingine. Pia natumia pampu ya kahawia ya pumu kila siku. Sasa ulimi na mashavu kwa ndani ni meupe, chakula hakina ladha. Nimesugua kwa mswaki hadi damu. Nyanya anasema nisugue na chumvi na majivu. — Dada wa Umoja

Dada, tua mswaki chini, na nyanya tumpe shukrani zake bila majivu. Chukua kipande cha bandeji safi, futa utando taratibu. Ukitoka na kuacha pekundu panapouma, hiyo karibu kila mara ni fangasi ya kandida. Ukiwa ni ukungu mwembamba wa ulimi tu usiotoka, huenda ni homa na kukaa bila kula, nao utaondoka wenyewe.

Kandida huishi midomoni mwa watu wengi wazima kwa amani kwa sababu bakteria wamejaa pale na kuinyima nafasi. Antibiotiki haziui virusi vya mafua. Ulichoua kwa siku zile zote ni majirani wa kandida. Dawa ya pili ilimalizia kazi. Makohozi ya njano au ya kijani pekee si sababu ya antibiotiki; sababu ni kama homa iliyorudi baada ya kutulia, maumivu ya kifua ukivuta pumzi, au kushindwa kupumua, na hayo yanahitaji kupimwa, si kukisiwa kaunta.

Pampu ya kahawia ndiyo mshirika wa pili, kwa kuwa ina steroidi. Usiiache! Pumu ikiharibika utaishia kumeza steroidi nyingi kuliko hiyo kidogo ya kuvuta. Badilisha namna ya kuitumia. Ipitishe kwenye chemba, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na pampu, ili matone makubwa yabaki kwenye chupa badala ya kugonga koo. Kisha sukutua kwa maji, piga gogoro kooni, tema. Rahisi zaidi ni kuvuta pampu kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na jioni, halafu mswaki unamaliza usafi wenyewe. Anayetumia pampu baada ya mswaki analala na dawa mdomoni usiku kucha.

Kwa utando uliopo, matone ya nistatini hufanya kazi, lakini wengi huyatumia vibaya. Yanaua fangasi kwa kugusana nayo tu. Ukiyameza mara moja na kushushia chai, umepoteza pesa. Tumia mara 4 kwa siku baada ya chakula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yazungushe mdomoni kwa muda uwezavyo kabla ya kumeza, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Endelea siku 2 baada ya weupe kuisha, la sivyo utarudi. Mwenye meno ya bandia ayatoe usiku na kuyasugua, maana fangasi hujificha kwenye plastiki yake. Na nunua mswaki mpya.

Ukianza kuumwa kifuani unapomeza chakula, fangasi imeshuka kwenye umio na nistatini haitafika. Unahitaji flukonazoli kutoka kwa daktari. Wakati huo huo, na pia ikiwa utando utarudi bila antibiotiki wala pampu kuhusika, pima sukari na virusi vya Ukimwi. Hatusemi hivyo kwa kukushuku. Ndivyo tunavyomwambia kila mtu mzima mwenye utando usio na sababu.

Wataalamu, niko kwenye ARV tangu 2016. Mwaka jana niliugua vibaya, nikashindwa kula, nikaacha dawa karibu miezi 4. Nimerudi kliniki lakini wanataka nipimwe CD4 na kitu kinaitwa CrAg kwanza. Mbona wasinipe tu dawa zangu? — Msomaji wa Kawangware

Umerudi, na hilo ndilo gumu zaidi. Kliniki yako inafanya sawasawa.

ARV, yaani dawa za virusi vya Ukimwi, zikisimama, virusi huongezeka na CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, hushuka. Zikiwa chini ya 200, fangasi mbili hasa hupata mwanya. Ya kwanza ni kriptokokasi, ambayo hutoka kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Huingia mapafuni kimyakimya, hukaa, kisha hupanda kwenye utando wa ubongo. CrAg ni kipimo cha kuikamata ingali kimya: tone la damu, ukanda wa karatasi kama ule wa kupima mimba, jibu kwa takriban dakika 10. Inaweza kuonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Sasa, kwa nini wasikupe dawa tu? Tuseme fangasi iko tayari kichwani na ARV zikaanza leo. Kinga yako itaamka na kuishambulia mle ndani ya fuvu, uvimbe upandishe shinikizo, na mgonjwa aliyeingia kliniki kwa miguu azidiwe wiki hiyo hiyo. Ndiyo sababu anayekutwa na ugonjwa huo ubongoni hutibiwa fangasi kwanza, na ARV husubiri wiki 4 hadi 6. CrAg ikiwa hasi, utarudishiwa ARV bila kucheleweshwa. Ikiwa chanya, watataka kutoa maji ya uti wa mgongo hata kama huumwi kichwa. Usikatae. Kama maji ni safi, Shirika la Afya Duniani linashauri flukonazoli miligramu 800 kwa siku kwa wiki 2, kisha 400 kwa wiki 8, halafu 200 kwa muda mrefu hadi CD4 zipande. Mwanamke mwenye mimba, au anayeweza kuwa nayo, aseme kabla ya kuimeza.

Ya pili ni fangasi ya mapafu, nimosistisi. Dalili yake ni kikohozi kikavu na pumzi inayoisha. Leo unapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila shida, wiki mbili baadaye unapumzika kila ghorofa. Kinga yake ni bei rahisi sana: Septrini ya miligramu 960 mara moja kwa siku. Wengi huidharau kwa sababu "ni ya kuhara tu". Imeze. Ukitokwa na vipele au vidonda mdomoni baada ya kuianza, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Ukipata kichwa kinachouma siku baada ya siku, shingo kukakamaa, kuona ukungu au kutapika bila sababu, usingoje tarehe ya kliniki. Na siku nyingine tumbo likikataa ARV, piga simu au tuma mtu. Kuna dawa za kichefuchefu na kuna ARV za kubadilishia. Miezi 4 ya kuacha haikuwa lazima.

Kama kuna njiwa paani kwako, usifagie kinyesi chao kikiwa kikavu. Kimwagie maji kwanza, au umwombe mwingine afanye. Lakini wengi wetu tumeshaivuta fangasi hiyo zamani, kwa hivyo usipoteze usingizi kwa njiwa ukasahau CD4.

Mtoto wetu wa miaka 6 ana pumu. Baada ya mafua tulinunua nebulaiza, naweka maji ya chupa ya kunywa. Tunakaa chini kabisa, ukuta wa chumba una ukungu mweusi hasa Julai. Je, fangasi inaweza kumwingia kifuani? — Baba wa Zimmerman

Baba, maji ya chupa ni salama kwa tumbo, ila hayakutengenezwa ili yawe mvuke wa mapafuni. Tumia maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, ikiwezekana yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Kichupa kikifunguliwa, kinachobaki ni cha kumwaga.

Kinachooza zaidi ni kikombe cha mashine. Kila baada ya kutumia, kitenganishe na barakoa, suuza, kung'uta, weka juu ya kitambaa safi kikauke kwa hewa. Mwisho wa siku kioshe kwa sabuni, kisha chemsha vipande kwa dakika 5 ikiwa kijitabu cha mashine kinaruhusu, vingine hupinda. Bomba la hewa halioshwi. Ukiona matone ndani yake, washa mashine dakika chache bila kikombe hadi likauke. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kufunga kila kitu kikiwa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki. Chujio likigeuka kijivu, badilisha.

Kama mnasafisha pua kwa maji ya chumvi, chemsha maji yatokote dakika 3, yapoe, kisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita. Hapa Nairobi tuko juu na maji hutokota takriban nyuzi 94, kwa hivyo dakika hizo za ziada zina maana. Ya jana mwaga.

Ukuta sasa. Kwa mtoto mwenye kinga ya kawaida, ukungu huo utaamsha pumu, lakini kuota mapafuni ni nadra. Hatari hiyo ni ya wanaomeza steroidi nyingi, wenye saratani ya damu na wale waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi baada ya mafua makali. Mtoto atoke chumbani, ukuta ulowanishwe na kufutwa kwa maji ya sabuni. Brashi kavu inarusha mbegu hewani. Kupaka rangi juu yake ni kujidanganya hadi mvua ijayo. Tafuta bomba linalovuja, sogeza kitanda na kabati kutoka ukutani, na acheni kuanika nguo ndani.

Binti yangu wa miezi 14 amepona surua wiki iliyopita, mdomo una utando na hataki kunyonya. — Mama wa Eastleigh

Mama, surua hudhoofisha kinga kwa wiki kadhaa baada ya vipele kuisha, kwa hivyo mpeleke kituo cha afya leo hii, hasa kwa kuwa amekataa kunyonya. Uliza kama alipewa vitamini A alipougua: kwa umri wake ni yuniti 200,000, siku mbili mfululizo. Nistatini atapakwa mashavuni, si kudondoshewa kooni. Wewe nawe angalia chuchu. Zikiwa nyekundu, zinawasha na kuchoma, mtibiwe pamoja, la sivyo mtarudishiana. Mwangalie macho pia, yakiwa na weupe au yakikwepa mwanga sema. Akishapona, hakikisha chanjo yake ya surua ya miezi 9 imeandikwa kwenye kijitabu, na ya miezi 18 aipate wakati wake ukifika.